Pongo Anaandika Kwenye Mti, Nani Anasoma?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya majukumu ya chumba cha habari. Katikati hapo nilipata siku chache za mapumziko nikapanda zangu milimani, Makete. Leo sitaandika siasa wala mpira. Leo tuzungumze juu ya miti, pembe na wazee.

Nianze na jina. Tandala ni kata katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, nchi ya Wakinga, kule ambako Juni na Julai ukiamka asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Tandala pia ni jina la mnyama, yule mkubwa mwenye mistari myeupe mbavuni na pembe zilizojisokota. Sasa huyo mnyama ukimtafuta Tandala ya leo humpati. Utakuta viazi, njegere, ngano, mashamba ya misindano na malori ya mbao yanayopanda vilima kwa kulalamika. Kumwona tandala mwenyewe inabidi ushuke mpaka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ina sifa ya kuwa na tandala mkubwa na tandala mdogo kwa pamoja.

Anayepatikana bado kwenye makorongo ya kwetu, kwa shida, ni pongo. Na pongo, wapendwa, ni mwandishi mwenzangu. Anaandika kwenye miti. Tatizo ni kwamba wasomaji wake wanaisha, na wanaisha kwa sababu ambazo nadhani tunapaswa kuziongelea.

Hebu kwanza tutoke nje kidogo ndipo turudi. Ukiingia kwenye mtandao ukatafuta habari za kusoma alama za wanyama kwenye miti, asilimia kubwa ya utakachokipata ni maandishi ya Wamarekani. Wao wanamwinda ayala mwenye mkia mweupe. (Natumia neno ayala kwa sababu ndilo lililomo kwenye Zaburi ya 42, kwa hiyo msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua hata kama mnyama mwenyewe hajawahi kumwona.) Dume la ayala huota pembe mpya kila mwaka. Zinapokua zimefunikwa na ngozi laini kama mahameli. Zikishakomaa, mwishoni mwa kiangazi cha kwao, damu inakatika, ile ngozi inakauka, na dume anaanza kusugua pembe kwenye miti michanga mpaka inachunika. Anaendelea kusugua hata baada ya ngozi kuisha, maana kwenye paji la uso ana tezi zinazotoa harufu, na harufu hiyo anaiacha kwenye lile jeraha la mti. Kisha anatafuta tawi lililoinama, anaparua ardhi chini yake kwa kwato, analitafuna lile tawi, anakojoa pale. Ukifika Novemba majike wanakuwa tayari kupandwa, na kila dume anapita kukagua nani amepita. Mwindaji Mmarekani akiona miti mitatu minne imechunika kwenye mstari mmoja, anajua hiyo ni njia, anapanda juu ya mti wa jirani na bunduki yake, anasubiri.

Sisi huyo ayala hatuna. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja. Barani Afrika anapatikana kaskazini tu, sehemu za Algeria na Tunisia. Hawa wetu, pongo, tandala, pofu, kongoni, nyumbu, wote ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi. Pembe zao hazidondoki. Anazaliwa bila pembe, zinaota mara moja, anakufa nazo. Kiswahili chetu kinaziita zote pembe, hata meno ya tembo tunayaita pembe, kwa hiyo mtu akisoma habari za Marekani harakaharaka anaweza kudhani mambo ni yale yale.

Utauliza, kama pembe za pongo hazina ngozi ya kuchuna, kwa nini asugue mti? Jibu ni kwamba anatangaza. Karibu kila mnyama wa porini kwetu ana namna yake ya kutangaza. Dume la pofu huvunjavunja matawi kwa pembe zake na kusugua lile shungi la paji la uso kwenye matope na mkojo. Kongoni hupiga magoti akachimba udongo kwa pembe. Dume la tandala huchokoa matope na kupiga vichaka. Chui hukwaruza magome kwa kucha. Nilipokwenda Ruaha kikazi, askari mmoja wa wanyamapori alisimamisha gari akanionyesha kijiti kikavu kimesimama kwenye majani. Kwenye ncha yake kulikuwa na tone jeusi kama lami, dogo kuliko punje ya uwele. Akasema huyo ni digidigi. Ana tezi chini ya jicho, anaisogeza pale kwenye ncha ya kijiti kwa utaratibu kabisa, anapaka, anaondoka. Hatua chache mbele kulikuwa na rundo la mavi madogo, choo cha familia. Hapo ndipo mpaka wa kwao ulipo. Mimi nilikuwa nimepita vijiti kama hivyo tangu asubuhi nikidhani ni vijiti.

Basi mwaka huu nilipokwenda Makete niliamua nimtafute babu. Siyo babu aliyemzaa mama, huyo alishatangulia. Ni mdogo wake, ambaye kwa utaratibu wa kwetu naye ni babu yangu. Ujana wake alikuwa mwindaji. Gobore lake alishalikabidhi zamani, kabla mimi sijazaliwa, na sasa hivi analima viazi na kugema ulanzi wakati wa mvua. Nilimkuta amekaa nje kwenye jua. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, kamwene." Nikamweleza shida yangu kwamba nataka anifundishe kusoma alama za pongo. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Hii ni ya gazeti?" Nikamwambia hapana, ni yangu mwenyewe, na hata nikiandika sitataja jina lake wala bonde. Ndiyo maana hapa sitaji, na naomba wale mnaotufahamu msije mkataja kwenye maoni.

Siku ya pili yake tulitoka alfajiri. Nilichojifunza nitakipanga vizuri ili na wewe ukipita kwenye kichaka cha kwenu ujaribu.

Jambo la kwanza analoangalia ni kimo. Pongo si mnyama mrefu. Dume mabegani hafiki mita moja, na anaposugua anainamisha kichwa. Kwa hiyo jeraha lake kwenye mti linakuwa kati ya goti la mtu na nyonga. Likiwa juu ya hapo, ujue ni kitu kingine. Mti wenyewe ni mchanga, unene wa kidole gumba mpaka kifundo cha mkono, kwa sababu anataka unaoyumba kidogo. Mti mgumu hauna raha, babu alisema, ni kama kujikuna kwenye ukuta.

La pili ni kuwatenga waongo. Kuna waongo wanne. Mbuzi anachuna magome pia, lakini mbuzi anakula. Utaona gome halipo, limeliwa, na mara nyingi jeraha linapanda juu kwa sababu mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma. Nungunungu anatafuna chini kabisa, kwenye shina karibu na ardhi, na meno yake yanaacha mifereji midogo sambamba. Ng'ombe anajisugua shingo na ubavu, anaacha gome limelainika na manyoya mengi, lakini halijachanika. Wa nne ni mtu mwenye panga, huyo jeraha lake ni moja, la mshazari, lenye ukingo safi. Pongo yeye anachana. Gome linaning'inia nyuzinyuzi, juu na chini, na vijitawi vya jirani vimevunjwa na kusokotwa lakini majani yake hayajaliwa, yamebaki pale pale yananyauka.

La tatu ni umri wa alama. Hapa ndipo nilipoona kwamba huu ni ujuzi wa mahali. Nilikuwa nimesoma kwamba utomvu mbichi ni dalili ya alama mpya. Babu akasema kwetu usidanganyike na maji. Ukungu wa Makete unaweza kulowanisha jeraha la wiki nzima likaonekana la leo. Yeye anaangalia rangi, maana mti mweupe ndani unaanza kugeuka kahawia kabla ya siku kuisha. Anaangalia ule uzi wa gome unaoning'inia, kama bado umenyooka au umeshaanza kujikunja. Anaangalia buibui. Buibui akishafunga uzi kutoka kwenye jeraha kwenda tawi la pili, basi tangu afunge hakuna aliyepita hapo. Na anaangalia yale majani yaliyovunjwa, yamelegea tu au yamekauka.

La nne ni ardhi. Baada ya mti anashusha macho chini. Kwato za pongo ni nyembamba, zimechongoka mbele, na kwenye udongo laini wa korongoni zinazama wazi. Mavi ya usiku uliopita yanang'aa, ya juzi yamepoteza mng'ao. Kama mti unasema pongo lakini ardhi haisemi chochote, babu hatoi hukumu. "Alama moja ni mtu mmoja anasema," aliniambia. Nilicheka kwa sababu mhariri wangu maneno hayo hunifokea karibu kila wiki, kwamba chanzo kimoja hakitoshi, rudi katafute cha pili. Kumbe somo lile nililolipia ada chuo kikuu lilikuwepo Makete bure.

Sasa kuna tofauti moja kubwa na ya Wamarekani, na hii ndiyo roho ya habari yangu. Kule kwao mwanga wa mchana unapungua na kuongezeka sana kwa mwaka, na mwili wa ayala unafuata mwanga huo. Kwa hiyo alama zao zina msimu. Zinatokea, zinaisha, pembe zinadondoka, basi. Pongo wa kwetu huzaa mwezi wowote. Jike hubeba mimba miezi kama sita, akizaa anamficha mtoto kwenye kichaka kinene na hata kula mavi ya huyo mtoto ili chui asinuse. Dume naye hana mwezi wa kusugua. Anaishi peke yake, kwenye eneo dogo lenye kichaka, maji na chakula, na anazunguka njia zile zile, jioni na usiku, mwaka hadi mwaka.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba alama ya ayala ni tangazo la sherehe, lakini alama ya pongo ni anwani ya nyumba. Ukishaisoma unajua anakaa wapi, anapita wapi kwenda kunywa, na kesho atakuwa wapi. Ukimwambia mtu mwingine, umempa funguo.

Babu alinionyesha miti saba kwenye korongo moja. Yote ya dume mmoja, alisema, kwa sababu zote zina tabia moja. Upande wa kushoto zimechimbwa zaidi kuliko kulia, huenda pembe yake moja ina kasoro. Alama za dume wa pili hakuziona. Zamani kwenye korongo hilo hilo na yale mawili ya jirani alikuwa akihesabu madume wanne watano. Sasa ni huyu mmoja, na nyayo za jike mmoja, labda wawili.

Tulipokuwa tunarudi tulikutana na vijana watatu na mbwa. Mmoja ni binamu yangu, tumecheza wote utotoni. Mfukoni mwa koti lake nyaya za baiskeli zilikuwa zinachungulia, na kila mtu kijijini anajua nyaya za baiskeli zinaingia porini kufanya nini. Wakamwamkia babu, wakaniamkia na mimi kwa utani wa "mwandishi". Kisha binamu akauliza kwa heshima kabisa, "Babu, huko juu kuna kitu? Tumeona miti imechunika."

Babu hakusita hata kidogo. "Mbuzi," akasema. "Mbuzi wa watu wamefunguliwa. Waambieni wenyewe wawafunge."

Binamu akanitazama mimi. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kusema kilichopo. Nilinyamaza. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile na sijaona sababu ya kufanya tofauti.

Lakini sitaki kuandika kana kwamba binamu yangu ni jambazi. Jioni yake tulikaa naye, na yeye si mjinga, alijua kabisa kwamba mbuzi hawachani namna ile. Akamwambia babu maneno ambayo mpaka leo yamenikaa: "Babu, nyinyi mlikula, sisi tusile?" Mbolea imepanda, viazi bei inashuka wakati wa mavuno, mtoto wake yuko shuleni. Pongo dume mzima anaweza kufika kilo 60 na zaidi. Hiyo ni nyama ya kula na ya kuuza kimyakimya, kwa usiku mmoja wa kutega waya. Ukimwambia kijana kama huyo habari za uhifadhi, anakusikiliza kama anavyosikiliza hotuba ya mgombea.

Babu alijibu pole pole. Alisema walikula kwa sababu walikuwepo wengi, na kwamba yeye jike mwenye mimba alikuwa hampigi, nyayo zake zinaonekana zinavyozama. Hapo mimi nikaingilia, kwa sababu na wazee tusiwafanye malaika. Nikamwuliza, kama wote mlikuwa mnaacha, mbona wameisha? Akakubali kwamba si wote walioacha. Tena akaongeza la maana zaidi: waya hauchagui. Bunduki ina jicho, mkuki una jicho, waya hauna. Unakamata jike, unakamata mtoto, unakamata mbwa wa jirani, na ukiusahau unaua hata usipokuwepo. Na misitu nayo sisi wenyewe tumeikata, tukapanda pareto, viazi na misindano. Pongo anataka kichaka, na kichaka kimebaki korongoni tu.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kuwinda bila leseni ni kosa. Kutega waya ni kosa. Kukutwa na nyara ya serikali, hata ikiwa ni nyama kwenye sufuria, ni kosa, na kesi kama hiyo inaweza kwenda kama uhujumu uchumi. Mimi siipingi sheria. Bila sheria hata huyo dume mmoja asingekuwepo. Lakini kuna madhara yake ambayo hakuna aliyeyakusudia. Wazee wanaojua wanaogopa kusema. Kijijini kwa babu, mtu akizungumza juu ya nyayo na alama za pembe anaonekana kama anakiri kosa. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba watoto wake wa kuwazaa hajawafundisha hata mmoja, aliogopa wasije wakafungwa. Kwa hiyo elimu yote ile, ya kimo, na buibui, na gome linalojikunja, imebaki kwa mzee mmoja mwenye maumivu ya magoti. Kinachorithiwa na vijana ni waya tu, maana waya hauhitaji elimu. Unautega kila mahali, mwisho utakamata.

Hapo ndipo ninapoona tumekosea kama nchi. Ujuzi wa mwindaji tumeuweka kapu moja na kosa la mwindaji.

Na mfano wa kwamba ujuzi huo una faida tunao nyumbani. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la WCS waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mmoja mwenye aibu ambaye wenyewe walimwita kipunji. Wangeweza kupuuza, wakasema hizo ni hadithi za wazee. Hawakupuuza. Mwaka huo huo wakamwona kwa macho yao, akapatikana pia kwenye msitu wa Livingstone unaopakana na sisi watu wa Makete. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jambo ambalo kwa kima wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu mwaka 1923. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba wanasayansi wamegundua. Haya. Wawindaji walikuwa na jina lake tayari.

Minde naye ni hivyo hivyo. Huyu ni mnyama wa msituni, mweusi, mwenye shungi jekundu kichwani, anayepatikana Tanzania peke yake duniani, na milima yetu hii ya kusini ni mojawapo ya nyumba zake. Ni mgumu kuonekana kiasi kwamba picha yake ya kwanza akiwa porini ilipigwa mwaka 2003 kwa kamera iliyotegwa Udzungwa. Watafiti wa huko wamelazimika kuokota mavi na kuyapima vinasaba ili wajue ni ya minde au ya mwenzake. Sasa jiulize, mavi yale nani anajua pa kuyaokota?

Afrika Kusini kuna bwana anaitwa Louis Liebenberg. Mwaka 1990 alitoa kitabu akieleza kwamba kufuatilia nyayo huenda ndiko kulikomfundisha binadamu kufikiri kisayansi: unaona dalili, unatunga dhana, unaitafutia ushahidi, ikikataa unaiacha. Miaka hiyo ya 1990 akaanzisha programu ya kompyuta iitwayo CyberTracker yenye picha badala ya maandishi, ili wafuatiliaji wa jamii ya Wasan ambao hawajui kusoma wala kuandika waweze kubonyeza picha ya mnyama na picha ya alama waliyoiona, na mashine ikarekodi mahali. Mzee asiyejua kuandika jina lake akawa anaandika takwimu za hifadhi.

Sisi tuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyoanzishwa mwaka 2005, ile Bustani ya Mungu yenye maua, na Pori la Akiba la Mpanga/Kipengere lililoanzishwa mwaka 2002. Tuna misitu ya vijiji. Pendekezo langu ni dogo, wala halihitaji mfadhili. Wazee kama babu waitwe, bila kuulizwa walikula nini mwaka gani. Watembee na vijana wa kamati za mazingira na wanafunzi wa sekondari, siku moja kwa mwezi, wahesabu miti iliyochunika, wapime kimo, waandike tarehe. Ukifanya hivyo kwenye korongo moja kwa miaka mitatu utajua kama pongo wanaongezeka au wanaisha, bila kumgusa hata mmoja. Na binamu yangu, ambaye ana macho makali kuliko mimi, angefaa sana kazi hiyo kama kungekuwa na posho hata ndogo. Nilimwambia. Akasema, "Ikija nitafutie." Hakusema hapana, lakini nyaya hakunipa.

Najua kuna watakaosema kwamba nikifundisha watu kusoma alama ninawapa majangili silaha. Nimeliwaza hilo kabla ya kuandika. Jangili wa waya hasomi alama, nimeshaeleza. Na anayetaka kujifunza kwa nia mbaya maandishi ya Wamarekani yako mtandaoni yamejaa tele. Kisichokuwepo mtandaoni ni jina la korongo, na hapa hutalipata.

Siku ya kuondoka nilimwuliza babu kwa nini alidanganya, maana yeye ni mzee wa kanisa. Alitafuta neno kidogo. Akasema yeye hakudanganya juu ya mti, ila aliwanyima kitu ambacho kama angewapa kisingerudi. Akanielekeza nimwambie mama kwamba viazi vya mbegu viko tayari, nikapanda gari.

Nisiwachoshe zaidi. Ninyi wenzangu wa Njombe, Mbeya, Ruvuma, Iringa na kwingineko, nina swali. Kwenu yupo mzee anayesoma miti? Umeshawahi kumwomba akuonyeshe, au na wewe unaogopa kuuliza? Mnyama mnamwitaje kwa lugha ya nyumbani? Niambieni, lakini majina ya mabonde yaacheni huko huko.

Siku njema.